Ushauri jamani: mkaguzi anapitisha vifuniko vyenye ufa, nizalishe vya ziada vingapi?

MwenyeOda: Wakuu, nina kakiwanda ka vifuniko vya plastiki, oda ni vizima 1000. Mashine ikiwa sawa vibovu ni kama 5 kwa 100. Mteja karudisha vyenye ufa mara mbili, silali. Nataka nitoe mzigo mmoja mkubwa wenye ziada nimalize. Niongeze vingapi?

FundiSpana: Usitoe wote kwa mpigo mkuu, mashine ikipoteza setingi katikati utajua mwisho. Mimi ilinikuta kwenye ndoo, joto la moldi (kalibu ya kuundia plastiki) likashuka usiku, asubuhi stoo imejaa takataka. Gawa oda.

MamaStoo: Watu hawana hofu ya Mungu kazini siku hizi. Huyo mkaguzi analipwaje?

MwenyeOda: Vizuri tu mama.

MamaStoo: Sijauliza vizuri, nimeuliza ANALIPWAJE.

MwenyeOda: Kwa kila kifuniko kinachopita. Na ndo huyohuyo anaendesha mashine. Ila ni kijana mwaminifu, na ratiba ya huo mzigo mkubwa nimeshampa.

KalamuMbili: Sasa umesema. Chukua 1000, vibovu 50. Tuseme anakamata 8 kwa kila 10, basi 10 vinaenda kwa mteja. Akikataa kimakosa vizima 5 kwa 100, vizima kama 47 vinaingia kwenye pipa na vibovu 40, yaani zaidi ya nusu ya pipa ni mali nzima! Kupata vizima 1000 uanze na kama 1110, na bado vibovu 11 hivi vitapita navyo. Ziada haiondoi ufa.

JichoKali: 1000, 5 kwa 100, namba zimenyooka mno. Hii imetungwa, mtu anafanyiwa homuweki.

MwenyeOda: Kaka sijatunga. Ufa wenyewe mwembamba kama unywele, uko kwa ndani pale kinapobana chupa, huuoni mpaka ukibonyeze kwa dole gumba kwenye mwanga ndo unatokea mstari mweupe, na mwisho wa zamu macho yamechoka.

KalamuMbili: Mimi namwamini MwenyeOda. Tenga 30 unavyovijua, 10 viwe vibovu, changanya, mkaguzi akague leo na kesho kutwa bila kujua ni vilevile. Utaona anakosea upande gani ndo upange idadi.

MwenyeOda: Nimeshavitenga, anaingia jioni. Ila malipo nilimuahidi mwenyewe, nimwambieje?

MamaStoo: Mlipe kwa zamu mwanangu. Na umwambie kabla hajagusa hivyo 30.