Mrejesho: mafuta ya ndege Ncha ya Kusini

Wakuu, nimerudi. Niliuliza: kama dunia ni mviringo, mbona ndege za abiria hazikatizi katikati ya Antaktika, na zinazotua huko hujaza wapi mafuta? Nimefuatilia majibu yenu. Meli hushusha mafuta McMurdo, kituo cha Marekani pwani ya Antaktika, wakati wa kiangazi, kisha matrekta huyaburuta juu ya barafu kama kilomita 1,600 hadi kituo cha Amundsen-Scott kilichopo Ncha ya Kusini yenyewe; mengine hubebwa na LC-130, ndege za mizigo zenye skii. Kilichonimaliza ni hiki: Jet A-1, mafuta ya kawaida ya ndege, huganda kwenye nyuzi -47, kwa hiyo kule wanatumia aina iitwayo AN8 inayovumilia baridi zaidi, na rubani hazimi injini akishusha mzigo! Ndege za abiria hukwepa Antaktika kwa kukosa viwanja vya dharura. Yule jamaa anayedai dunia ni bapa na Antaktika ni ukuta wa barafu unaoizunguka bado hajatuambia matrekta yanapita wapi.