Katuni ya Krismasi: nimchore Krampus au Shing'weng'we?

Mchoraji wa Kirumba:

Habari zenu wakuu. Nachora katuni ya watoto, bunilizi ya kisayansi, na mambo yote yanatokea hapa Mwanza mkesha wa Krismasi ya mwaka 2026. Wahusika wakuu ni pacha, Kulwa na Doto, wanaoishi na bibi yao Igombe. Usiku huo watu wazima wanaanza kutoweka mmoja mmoja, wanabaki watoto kupambana na anayewachukua. Huyo anayewachukua ndiye ananisumbua.

Kwenye rasimu ya kwanza nilimchora Krampus, yule wa milima ya Austria na Bavaria: ana pembe za mbuzi, ulimi mrefu unaoning'inia, minyororo, na kapu mgongoni la kuwatia watoto watukutu. Anachoreka vizuri sana. Nilimtoa majini pale Jiwe la Bismarck, lile linalochomoza ziwani hapa Mwanza, mwezi ukiwa nyuma yake, na wachoraji wenzangu waliusifu ukurasa huo. Lakini watoto wa mtaani kwetu niliowapa wasome hawakuogopa hata kidogo. Waliuliza anatoka wapi, nikawaeleza, wakafunua ukurasa unaofuata.

Sasa namfikiria Shing'weng'we. Kwa wasiotoka Usukumani: ni lile zimwi lililomeza mifugo yote, kisha watu wote, akabaki mama mmoja mjamzito aliyejificha kwenye lundo la makapi. Akamzaa Masala Kulangwa. Mtoto alipokua akaenda kulisaka zimwi. Akaua panzi, akamletea mama kwa shangwe kwamba amemuua Shing'weng'we. Mama akamwambia huyo ni panzi tu. Akaua ndege, akaua swala, jibu likawa lile lile, mpaka siku alipolipata lenyewe, akalipasua tumbo na watu wote wakatoka wazima. Makatekista na mapadre huku kwetu wamemfananisha na Kristo, nami naona wana haki. Mtoto anazaliwa mafichoni wakati kila kitu kimeshamezwa. Krismasi imo humo tayari.

Upande wa sayansi ninao. Ziwa letu la Viktoria liliwahi kukauka, yapata miaka 15,000 iliyopita. Hata kule kwenye kina kirefu kabisa, ambako leo ni mita 80 hivi, palikuwa nchi kavu. Katuni yangu inasema kuna chombo kilitua kwenye nyika ile, kikalala, mvua zikarudi, maji yakakifunika. Mkesha huu kinaamka.

Je, nikimgeuza Shing'weng'we kuwa kitu kilichotoka angani, nitakuwa nimeiharibu ngano ya wazee? Na watoto wawili wamshindeje? Sitaki bunduki, wala sitaki malaika ashuke kuwaokoa. Nimeambatisha ukurasa mmoja: ziwa limejaa taa za wavuvi wa dagaa, na zimwi limekuja kwa umbo la bibi kizee mwenye macho mekundu.

Mwana wa Kayenze:

Mkuu, picha ni nzuri ila hizo taa ziondoe. Tazama kalenda: tarehe 24 Desemba 2026 mwezi ni mpevu. Mbalamwezi ikiwa kali hivyo, sisi wa dagaa hatuingii majini. Dagaa hufuata taa kwa sababu kwenye giza ndiyo mwanga pekee wanaouona. Mwezi ukiwaka ziwa zima hawakusanyiki, utarudi na mtumbwi mtupu. Siku hizo tunashona nyavu na kulala nyumbani. Kwa hiyo mkesha huo ziwa halitakuwa na taa hata moja.

Ila hapo hapo ndipo ilipo hadithi yako. Taa ikionekana ziwani usiku ule, mtoto yeyote wa mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, atajua si ya mvuvi. Doto, ambaye humsaidia bibi kuanika dagaa, aione yeye wa kwanza. Watu wazima wanaitazama, wanavutwa, wanaingia majini wenyewe. Shing'weng'we anavua watu kwa taa kama sisi tunavyovua dagaa.

Na namna ya kumshinda unayo. Desemba ni vuli, wingu zito linafunika mwezi. Zimwi linazima umeme wa mji ili mwanga wake ubaki peke yake. Lakini taa zetu zote ziko nyumbani usiku huo, na betri zimejaa, kwa sababu hatukwenda kazini! Watoto wazitoe wazipange juu ya mawe kuanzia Igombe, na wa Kayenze wawashe za kwao, na wa mwalo unaofuata. Mwanga ukiwa kila mahali, mtego hauvuti tena.

Mwalimu wa Kisesa:

Mwanangu, kazi yako ni ya thamani na naomba uimalize. Ila huyo bibi mwenye macho mekundu mfute leo.

Unajua yaliyotokea Usukumani. Vikongwe wameuawa kwa mapanga wakiitwa wachawi, na alama iliyotumika mara nyingi ilikuwa macho mekundu. Macho hayo ni ya moshi. Mama aliyepuliza moto wa kuni na kinyesi cha ng'ombe miaka hamsini katika jiko lisilo na dirisha atakuwa na macho gani? Mtoto wa darasa la nne akifunga kitabu chako, jambo la kwanza atakaloona nyumbani ni macho ya bibi yake. Mimi nimefundisha watoto ambao bibi zao walikimbizwa vijijini. Siwezi kuichukulia picha ile kama mchoro tu.

Ngano yenyewe inakuelekeza. Masala Kulangwa alipopasua tumbo alimkata sikio bibi mmoja kwa bahati mbaya. Bibi alikasirika, akataka kumroga, lakini ndugu wa kijana walitafuta dawa wakamponya. Hawakumuua. Sehemu hiyo wasimuliaji wengi siku hizi wanairuka, na mimi ndiyo ninayoomba uichore kurasa mbili nzima. Macho mekundu mpe bibi yao Kulwa na Doto, na yeye ndiye awe anawasimulia.

Kuhusu angani, usiogope. Zimwi halina umbo moja kwa wasimulizi wetu. Nenda Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, usikilize wazee wawili wakilieleza, utasikia mazimwi mawili.

Mzawa wa Pasiansi (niko Innsbruck, Austria):

Kaka, nakuunga mkono kumwacha Krampus huku milimani. Kwanza, siku yake si Krismasi. Anatoka usiku wa tarehe 5 Desemba, mkesha wa sikukuu ya Mtakatifu Nikolao, na wanatembea pamoja: Nikolao anawapa zawadi watoto wema, Krampus anawatisha watukutu kwa fimbo. Huyo anauliza tabia kwanza. Shing'weng'we anameza mwema na mtukutu pamoja, na mtoto anaelewa kwamba kuwa mtiifu peke yake hakutamwokoa.

Kitu kimoja chukua kwake: sauti. Vijana wanaojivika ngozi na vinyago vya mbao hufunga kengele kubwa kiunoni, na unazisikia barabara ya pili kabla hujaona pembe. Mtoto anamshika mama mkono mapema kabisa. Katuni haina sauti, kwa hiyo amua Kulwa anasikia nini kabla ya taa kuonekana.

Mchoraji wa Kirumba:

Asanteni kutoka moyoni. Bibi nimeshamchora upya, amekaa jikoni, macho mekundu na moshi juu yake, na Doto yuko magotini pake. Mwalimu, kurasa mbili za sikio zimo, na tutakuja Bujora na watoto wale waliosoma rasimu. Upande wa sauti nimechagua vyura: kurasa tatu nzima wanalia pembeni mwa kila fremu, kisha fremu moja haina herufi hata moja.

Mwana wa Kayenze, mwisho ni huo wako wa taa, na jina lako la humu litakaa kwenye shukrani ukiniruhusu. Nataka nizichore sawasawa. Taa inakaaje juu ya maji?

Mwana wa Kayenze:

Ruhusa unayo. Zamani zilikuwa karabai, sasa nyingi ni za betri, zinachajiwa kwa sola. Kila taa inakaa juu ya boya lake, na maboya yanaungwa kwa kamba moja. Watoto wakizibeba nchi kavu wachore wawili wawili, kwa sababu boya na betri pamoja ni mzigo kwa mtoto mmoja. Njoo mwaloni siku za mbalamwezi, ndipo zote ziko nje. Ukija kwenye giza utakuta tumeondoka nazo.