Levo siti irudi Tanga hata kama nauli itapanda?

Mleta mada, Makorora

Wana Tanga, salaam. Nina hoja moja, naomba tuijadili bila vijembe, ingawa najua kwetu pwani hilo ni ombi kubwa.

Machi 2020, mgonjwa wa kwanza wa korona alipotangazwa nchini na shule zikafungwa siku iliyofuata, haikuchukua muda daladala zikaambiwa zibebe abiria waliokaa tu. Levo siti. Tangu nianze kupanda Hiace za mjini, hiyo ndiyo mara ya kwanza nilifika kazini bila alama ya goti la mtu ubavuni. Hakuna "sogeeni, wanne wanne jamani". Madirisha wazi, ndoo ya maji tiririka na sabuni kituoni, safari. Haikudumu. Julai 2021 wimbi jipya lilipoingia ikarudi, ikafa tena.

Mimi nasema ilipaswa kubaki, iwe sheria yenye meno, na nauli ipande kidogo ikibidi. Na sisemi hivyo kwa sababu ya ugonjwa. Miezi ile watu waliipima daladala upya, wengi wakaihama. Jirani yangu mwalimu akahamia bajaji, binti yake bodaboda, mimi nikaitoa stoo baiskeli ya marehemu baba nikaitia mipira mipya. Hofu ilipoisha hatukurudi wote. Ukishazoea kutoka mlangoni kwako saa uitakayo, kukaa kwenye gari linalosubiri lijae ni adhabu. Tukiliacha hivi, daladala itabaki ya asiye na pa kukimbilia.

Tena sisi hatukufungiwa ndani. Uganda bodaboda zilikatazwa kubeba abiria tangu Machi 2020 hadi mwishoni mwa Julai. Rwanda pikipiki za abiria zilisimamishwa hadi Juni. Kule watu hawakubadili usafiri, walibadilishiwa. Hapa Tanga kila chombo kilikuwa barabarani na kila mtu alichagua kwa akili yake na mfuko wake. Ndiyo maana nalipatia uzito chaguo lile.

Dereva, njia ya Pongwe

Kaka, unaongea kama abiria, na ni haki yako. Sasa chukua kalamu. Siti 14, nauli ya wakati ule 400, tripu iliyojaa ni 5,600. Nikiongeza vichwa sita ni 8,000. Ile 2,400 ya juu ndiyo mafuta, ndiyo posho ya konda, ndiyo ugali wangu. Hesabu ya tajiri, ile pesa ya kila siku ya mwenye gari, haikuugua korona, ilibaki vilevile. Na hiyo tripu iliyojaa ni ya asubuhi kuja mjini. Mchana unarudi Pongwe na watu wanne, mmoja wao kalala.

Halafu wanafunzi. Miaka yote tunatukanwa kwamba tunawakimbia kwa sababu ya nauli yao ya 200. Wallahi, shule zilipofungwa ndipo tulipowajua thamani yao. Konda anapiga bodi kituo kizima, hapandi mtu. Tukawakumbuka wale wale tuliokuwa tunawapita kwa kasi.

Na hao abiria wenu wa levo siti? Siku tatu za mwanzo wananisifu. Siku ya nne, saa moja kasoro asubuhi, wanagonga mlango: "Dereva nibebe tu, nitainama." Nikikataa mimi ndiye mwenye roho mbaya. Nikimbeba, trafiki yuko mbele, na faini hailipi yeye aliyeinama.

Muuza samaki, Sahare

Wanangu, nyote mwazungumza kama watu wenye baiskeli stoo.

Mimi nachukua samaki Deep Sea alfajiri, napeleka sokoni Mgandini. Levo siti kwangu ilikuwa hivi: konda ananitazama mimi, anaitazama ndoo, kisha asema, "Mama, siti moja mtu mmoja, na ndoo nayo ilipie." Bajaji hataki, maji ya samaki yatamwagika kitini, abiria wa nyuma yangu ashuke na pua kaziba. Bodaboda nayo, ndoo niipakate mapajani? Basi nilitembea. Ndoo kichwani, barakoa kidevuni maana jua na pumzi havikukubaliana nayo, na nikifika sokoni wateja wenyewe wachache, hoteli zimepunguza kupika.

Mleta mada, wasema kila mtu alichagua. Mimi wanihesabu upande gani?

Kijana wa Duga

Bi mkubwa kamaliza. Fungeni mjadala.

Mkazi wa Nguvumali

Usifungwe, mimi nina la kusema kuhusu hiyo "akili yake".

Niliacha daladala kwa kuogopa pumzi za watu ishirini. Nikapanda bodaboda. Nikapewa helmeti iliyotoka kichwani mwa mtu dakika mbili nyuma, sponji bado ina jasho lake. Nikaikataa, dereva akafurahi, tukaenda hivyo hivyo. Sasa nambie, mwaka ule barabara hii ya Segera ilikuwa hatari kwangu kwa virusi au kwa malori? Wengi tuliivua helmeti kwa kisingizio cha korona, na mpaka leo hatujaivaa tena. Hayo nayo ni mabadiliko ya usafiri, yaandikeni.

Bajaji sawa, iko wazi na hewa inapita. Ila ile ya kuchangia tulikuwa tunakaa watatu nyuma na wawili pembeni ya dereva, mabega yamegusana kuliko ndani ya Hiace. Hatukuwa tunaukimbia ugonjwa. Tulikuwa tunakimbia sura ya gari lililojaa.

Na jambo ambalo mleta mada kaliruka: bajaji zilikuwa zinaongezeka mjini hapa kabla hatujasikia neno korona. Vijana wanachukua kwa mkataba, wanalipa kidogo kidogo mpaka chombo kinakuwa chao. Kisha Mei 2022 mafuta yakiwa juu, nauli ya daladala ya masafa mafupi ikatoka 400 ikawa 500. Tofauti na bajaji ya kuchangia ikawa ndogo, mtu anaongeza kidogo anashushwa mlangoni. Usiipe korona sifa ya kazi iliyofanywa na petroli. Na wewe unataka tuipandishe nauli tena? Utawamalizia waliobaki.

Mstaafu, Chumbageni

Nimesoma yote. Baiskeli mmeitaja kama kitu cha stoo, nami ndipo niliposhtuka.

Mji huu ni tambarare. Sisi tulikwenda bandarini, reli na viwandani kwa baiskeli, keria ina kikapu, dainamo inalia usiku. Akina mama wa Ngamiani wanapita na baibui zao juu ya baiskeli na hakuna anayegeuza shingo, mgeni ndiye anayeshangaa. Mwaka 2020 dunia nzima ilikuwa inatafuta kile ambacho sisi tunacho. Bogotá, kule Colombia, waliweka koni barabarani wakapata karibu kilomita 80 za njia za baiskeli za muda. Paris, mwezi Mei, mtaa wa Rivoli ukaondolewa magari ya watu binafsi, wakapewa waendesha baiskeli. Shirika la Afya Duniani lenyewe lilishauri anayeweza aende kwa miguu au kwa baiskeli. Hapa waendeshaji wapo, baiskeli zipo, kilichokosekana ni ndoo ya rangi nyeupe.

Wajukuu zangu wawili walianza kwenda na baiskeli wakati ule. Mmoja bado anaendesha. Mwingine alisukumwa mtaroni na lori la saruji, hakuumia sana, alhamdulillahi, lakini akarudi kwenye daladala, tena akisimama ameinama. Nilimuuliza mbona bajaji hutaki. Akanijibu, babu, mshahara haujafika huko.

Kwa hiyo sina ugomvi na levo siti. Nasema tu mnabishana juu ya siti ilhali barabara haina hata mita moja ya kumlinda asiyekalia siti yoyote.

Mleta mada, Makorora

Mzee wangu shikamoo. Nawe mama wa Sahare, nimekusoma mara tatu. Sikukuhesabu upande wowote, na hilo ni kosa. Nilipoandika "kila mtu alichagua" nilikuwa namaanisha mtaa wangu.

La nauli naliondoa. Mkazi wa Nguvumali kanibana na sina jibu. Ila la kubanana siliachii. Leseni ya gari inataja idadi ya abiria tangu mwanzo, korona au bila korona, kwa hiyo hatuombi sheria mpya, tunaomba ile iliyopo. Na nyuma ya gari iwekwe nafasi ya mizigo isiyolipiwa kama kichwa cha mtu. Dereva, bila ile 2,400 yako ya juu, tajiri akishusha hesabu, utabeba 14?

Dereva, njia ya Pongwe

Tajiri akishusha hesabu nabeba hata 12. Mlete kwanza tajiri huyo mjadalani, maana mpaka sasa wameongea wote isipokuwa yeye.

Na mama wa Sahare, hilo la ndoo yako nakubali tulikukosea. Si mimi, njia yangu haipiti Deep Sea, lakini nawajua makonda. Kesho nitamuuliza wa huko.

Muuza samaki, Sahare

Muulize. Mwambie na pesa ya ndoo aliyonitoza siku ile, tangu 2020, bado naidai.