Ushauri wa haraka: hoteli ya nyumbani tuchague Diani, Naivasha au Mara?

MkaziWaMamboleo
Wadau, habari za jioni. Naomba ushauri kutoka kwa anayeelewa taimushea, ule mpango wa familia kununua haki ya kukaa hotelini wiki moja kila mwaka kwa miaka mingi. Kuna kampuni inauza hapa Kisumu. Mkataba ni wa miaka 25. Kila mwaka unapewa pointi za kulipia malazi, na unachagua hoteli moja iwe ndiyo yako ya nyumbani. Kwa hiyo moja unaruhusiwa kuweka nafasi miezi 12 kabla ya safari. Hoteli zao nyingine unasubiri mpaka ibaki miezi 6, ugombee na wengine.

Tuko sita: mimi, mama watoto na watoto wanne. Kifungua mimba anakaribia kumaliza sekondari, baadaye kumpata itakuwa shida. Chaguo ni tatu: Diani, Naivasha kando ya ziwa, au ukingoni mwa Maasai Mara. Mimi navutwa na Diani kwa sababu wanangu hawajaona bahari, ila umbali unanitisha. Nahitaji jibu kabla ya Ijumaa. Usingizi umenipotea kabisa.

Mpwani_Ukunda
Diani bila kufikiria mara mbili. Lakini angalia kalenda ya shule. Likizo ya Aprili inaangukia masika: mvua, bahari imechafuka, hata wenye boti wamepumzika. Agosti ni kusi, upepo mwingi ila kuna ubaridi mzuri. Desemba ni kaskazi, maji yametulia, joto kali, na nusu ya Nairobi iko huku. Ukitaka Desemba basi lazima hoteli yako ya nyumbani iwe hapa, la sivyo hiyo miezi 6 utakuta pamejaa.

Dereva_wa_Usiku
Ndugu, mimi hiyo njia ndiyo kazi yangu. Kisumu hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 800. Na watoto wanne! Lala Nairobi, asubuhi shika treni ya SGR, ushuke Miritini. Siku hizi kutoka Miritini unapita barabara ya Dongo Kundu mpaka upande wa Kwale, hupandi feri ya Likoni. Zamani tulikuwa tunakaa kwenye foleni ya feri mpaka abiria wananunua chakula cha pili. Kuna mama mmoja kutoka Ahero alikuwa amebeba kuku hai wa kumpelekea binti yake aliyeolewa Ukunda, na kuku akatoroka pale pale kwenye feri. Tulimkimbiza wote, mpaka askari. Alifika salama, kuku na mama.

Mama_Kibuye
Mwanangu, karo umelipa? Nyumba ya ushago umejenga? Nauliza kama mzazi. Mimi nimeuza nguo Kibuye, nimesomesha, na hakuna mtoto wangu hata mmoja aliyeugua kwa kukosa hoteli. Jumapili wapeleke Dunga wale samaki, waangalie ziwa, mrudi nyumbani mapema.

Karani_wa_Sheria
Kabla hatujachagua ufuo, nina maswali matatu. Ada ya matunzo ya kila mwaka ni kiasi gani, na mkataba unasema inaweza kupanda kwa kiwango gani? Kwa nini lazima iwe Ijumaa? Na je, umeshatia sahihi popote?

MkaziWaMamboleo
Asanteni wote. Mama Kibuye, karo iko sawa. Karani, ada ipo, ni KSh 45,000 kwa mwaka kwa kuanzia, si kitu cha kutisha ukilinganisha na bei ya hoteli wakati wa Krismasi. Ijumaa ni kwa sababu ofa inaisha. Naomba tubaki kwenye swali la hoteli.

Wuod_Nyakach_Texas
Omera, mimi ninayo huku Marekani, Disney Vacation Club, mpango ulioanza 1991. Huko nako ni hivyo hivyo: hoteli yako ya nyumbani unaweka nafasi miezi 11 kabla, nyingine miezi 7. Wakongwe walinifundisha jambo moja: nunua pale ambapo ungefurahi kulala kila mwaka hata kama zile nyingine zote zitakataa. Usinunue hoteli ya bei rahisi ukitumaini kuhamia ile nzuri. Wengi wana tumaini hilo hilo, na wiki za likizo za shule ndizo hujaa kwanza.

Angalia pia mwaka wa mwisho. Kule baadhi ya hoteli mikataba inakwisha 2042, nyingine 2057, kwa hiyo watu wawili wanaweza kulipa pesa zinazokaribiana na mmoja akapata miaka mingi zaidi.

Yangu ni Animal Kingdom, Florida. Unaamka, unafungua pazia, twiga yuko chini ya roshani. Mama yangu alipokuja kututembelea alisimama pale kimya kwa muda mrefu, kisha akaniuliza tunalipa dola ngapi kutazama mnyama ambaye tulimwacha nyumbani. Sikuwa na jibu. Lakini watoto wangu wamezaliwa huku, na zile siku naye pale roshanini nazithamini kuliko gari langu.

Nakuru_Section58
Mbona hakuna anayetetea Naivasha? Kutoka Kisumu unapita kwetu Nakuru, mnakunywa chai, saa moja na ushei baadaye mmefika. Hell's Gate mnaendesha baiskeli katikati ya pundamilia. Jambo moja tu, na nalisema kwa uchungu: uliza maji yakipanda nani analipa. Maziwa yetu ya Bonde la Ufa yamevimba. Nakuru lango kuu la mbuga lilimezwa, Baringo hoteli ziliingia majini, Naivasha watu wa Kihoto wamehama nyumba zao. Hoteli ikihitaji ukuta mpya au kuhamisha vyumba, wamiliki wa wiki mnaweza kuandikiwa mchango wa ziada juu ya ada. Hilo lazima liwe kwenye karatasi.

Mwalimu_Kakamega
Mara nayo msiisahau. Nyumbu wanakuwepo kuanzia Julai hadi Oktoba, kwa hiyo likizo ya Agosti inaingia vizuri, na kutoka Kisumu mnapitia Kisii na Kilgoris, si lazima mzunguke Narok. Ila kiingilio cha hifadhi kwa watu sita unalipa kila siku, na pointi haziligusi hilo. Muuzaji alikutajia?

Karani_wa_Sheria
Ndugu wa Mamboleo, umejibu mawili na kuruka la tatu. Umetia sahihi?

Mama_Kibuye
Hata mimi nimeona ameliruka.

MkaziWaMamboleo
Sawa. Nilitia sahihi Jumamosi iliyopita. Walinialika kwenye chakula cha mchana, wakaonyesha video, wakafanya hesabu mbele yangu. Bei ni KSh 900,000, nimelipa dipoziti ya 150,000. Pesa imetoka kwenye mkopo wa sacco tuliochukua na mama watoto kwa ajili ya kuezeka nyumba ya mama yake kule Butere. Mama watoto yuko Busia kikazi, bado hajajua.

Kabla hamjanirukia, nisikilizeni. Paa linaweza kusubiri mvua moja. Mtoto hasubiri. Baba yangu alifanya kazi reli maisha yake yote, alikuwa na pasi ya kusafiri bure na familia, na hatukuwahi kupanda treni pamoja naye hata kufika Nakuru. Alikuwa anasema mwakani, kisha akafa. Mimi nimesema kwangu haitakuwa hivyo. Nikishafungwa na mkataba, tutaenda kila mwaka, tupende tusipende. Ndiyo maana nauliza hoteli, siulizi kama ninunue.

Mama_Kibuye
Pole kwa baba. Lakini huyo mama wa Butere analala chini ya paa gani sasa hivi, ukiwa unachagua ufuo? Pesa ya mkwe haiguswi, mwanangu. Mwambie mkeo leo, kabla hajaambiwa na karani wa sacco.

Mwalimu_Kakamega
Nimekaa na kalamu. Ada ya 45,000 kwa miaka 25, hata isipopanda kamwe, ni 1,125,000. Ongeza 900,000, unapata 2,025,000. Gawa kwa wiki 25: kila wiki ni KSh 81,000, bila nauli, bila chakula, bila riba ya sacco. Na nusu ya miaka hiyo watoto wako watakuwa na familia zao. Kuna mwaka mtu atakuwa na mtihani, kuna mwaka wa msiba. Ada haiulizi.

JichoLaPili
Samahani wakuu, mimi naona tunachezewa. Hii hadithi imetungwa. Kwanza, wauzaji wa hii biashara hutaka mume na mke waje pamoja, ili mmoja asiende nyumbani kushauriana na mwenzake wakapoteza mteja. Huyu anasema mke yuko Busia. Pili, hoteli ya nyumbani huandikwa ndani ya mkataba, ndiyo kitu chenyewe unachonunua. Huwezi kutia sahihi Jumamosi na kuchagua hoteli Ijumaa. Tatu, ameeleza miezi 12 na miezi 6 kama mtu aliyefunzwa kuuza. Subirini, kesho atatoa namba ya simu ya "wakala mzuri".

Dereva_wa_Usiku
Hata mimi nimeanza kushtuka. Na yule wa Texas naye ametokea haraka sana.

Wuod_Nyakach_Texas
Dereva, mimi niko humu tangu tukibishana kuhusu Gor Mahia. Na mbona kuku wako wa feri hakuna aliyemuuliza kitambulisho?

Nakuru_Section58
Tungo au si tungo, kuna mtu atasoma huu uzi akiwa na kalamu mkononi. Tuendelee.

MkaziWaMamboleo
JichoLaPili, umeniumiza. Nilienda na dada yangu mdogo. Walipomwita mke wangu sikuwasahihisha, naye akanyamaza kwa sababu chakula kilikuwa kimeshaletwa. Kuhusu hoteli, kwenye fomu pale palipoandikwa jina la hoteli pameachwa wazi. Waliniambia nitajaza baadaye kwa simu, na nikishachagua ndipo watachapisha mkataba kamili na kunipa nakala yangu. Sasa hivi nina risiti ya dipoziti tu. Namba ya wakala sitoi, wala jina la kampuni sitataja. Mimi nina familia, sina biashara humu.

JichoLaPili
Nafasi wazi kwenye karatasi yenye sahihi yako? Basi kama ni kweli, narudisha maneno yangu, na nakuhurumia zaidi ya nilivyokushuku.

Karani_wa_Sheria
Hapo ndipo penyewe. Nisome polepole.

Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 imewataja wanunuzi wa aina hii waziwazi. Mtu aliyeingia mkataba wa taimushea anaweza kuuvunja bila kutoa sababu yoyote, tangu siku ya kukubaliana mpaka siku 10 baada ya kupokea nakala iliyoandikwa ya mkataba. Hesabu inaanza kwenye nakala, si kwenye sahihi. Wewe nakala huna. Kwa hiyo siku zako hazijaanza hata kuhesabiwa.

Sasa tazama ile Ijumaa. Ukiwapigia simu ukasema Diani, wanajaza, wanachapisha, wanakukabidhi, na saa inaanza kugonga. Wewe ulidhani unaulizwa ufuo, kumbe jibu lako ndilo litakaloanzisha hesabu. Usichague chochote. Andika barua fupi: jina, tarehe ya kutia sahihi, namba ya risiti, kwamba unavunja mkataba na unadai dipoziti yote. Peleka mwenyewe ofisini, wagonge muhuri kwenye nakala yako, kisha uitume pia kwa barua pepe. Watakwambia dipoziti hairudi. Usibishane kwa mdomo, waonyeshe sheria. Kama baadaye, baada ya kuongea na mkeo, bado mnautaka mpango, watakuuzia tena kwa furaha kubwa, jina la hoteli likiwa limeandikwa na kiwango cha juu cha ada kikiwa kimetajwa.

Wuod_Nyakach_Texas
Naunga mkono. Hata mimi ninayeipenda ya kwangu nasema hivi: sikununua mpaka niliposoma karatasi zote nikiwa nyumbani, mke wangu akiwa kando.

MkaziWaMamboleo
Karani, nimekusoma zaidi ya mara moja. Siwezi kusema nimeliacha wazo la likizo, sijaliacha. Ila simu ya Ijumaa sitapiga. Barua nitaiandika usiku huu, na mama watoto anafika kesho jioni kwa matatu ya Busia, nitamweleza mwenyewe kabla ya kuipeleka, maana ule mkopo una sahihi yake pia.

Mpwani, uliniambia Desemba bahari imetulia. Bila huo mkataba, mtu wa kawaida na watoto wanne anaweza kupata pa kulala huko, au ni hoteli kubwa tu?

Mpwani_Ukunda
Zipo nyumba za familia zenye vyumba vitatu na jiko, hatua chache kutoka ufuoni. Unakodi kwa wiki, unanunua samaki kwa wavuvi asubuhi, mnapika wenyewe. Usitume pesa kwa picha za mtandaoni. Tafuta mtu wa kwenda kuiona nyumba kwanza, hata mimi nitakwenda. Wiki ya Krismasi ni ghali kupita kiasi. Njooni mara tu shule zikifunga, mwisho wa Oktoba au Novemba, kabla watu wa Nairobi hawajashuka. Mvua za vuli zipo kidogo, lakini watoto wakishaingia baharini hawajali mvua. Sema tu mko sita, nianze kuuliza.