Naomba ushauri: nimpe mpwa wangu Siku Njema sasa au nisubiri?

Habari zenu ndugu zangu. Ninaishi na mpwa wangu, yuko darasa la saba. Mama yake, dada yangu, alifariki mwaka jana, na baba mtu hajulikani aliko. Kijana anapenda mno kusoma, nami nina nakala ya Siku Njema, riwaya ya Ken Walibora ya mwaka 1996. Anayeijua ameshaona tatizo langu: Kongowea, mhusika mkuu, analelewa na mama hapa hapa kwetu Tanga, mama anafariki, kisha anafunga safari hadi Kitale, Kenya, kumtafuta baba.

Natamani amwone mtoto kama yeye akisimama kwa miguu yake. Ila najua akimaliza tu ataniuliza baba yake yuko wapi, na jibu sina. (Wala sitaki kumkuta stendi na begi!)

Mke wangu anasema tuisome naye pamoja jioni. Mimi naona atabana machozi mbele yetu. Mliolea yatima, au mliokuwa yatima wenyewe, mlifanyaje? Na kama ipo riwaya nyingine ya Kiswahili inayofaa umri wake, isiyoanza na msiba, nitajieni tafadhali.