Naomba ushauri: timu yetu ya mtaa inataka usajili, mfadhili anasema ni yake

Habari za leo wakuu. Tuna timu ya mpira hapa Chang'ombe, Dodoma. Wengi ni bodaboda na mafundi, wengine wanauza sokoni Majengo. Tulianza na ndondo za jioni kwenye uwanja wa vumbi. Upepo wa Agosti ukivuma, golikipa wa upande wa pili humuoni. Sasa tuna mwaka wa pili na tunataka kusajili klabu, tucheze ligi ya wilaya.

Najua tunaanzia kwa ofisa michezo wa jiji, halafu kwa Msajili wa Vyama vya Michezo aliye chini ya Baraza la Michezo la Taifa (BMT), na katiba ni lazima. Kwenye katiba ndipo tulipokwama. Kaka mmoja alitununulia jezi na mipira, na tunamshukuru kwa dhati, maana kabla yake nusu yetu tulikuwa tunacheza vifua wazi. Ila sasa anataka iandikwe kwamba yeye ndiye mwenyekiti wa kudumu. Kwenye kikao cha mwisho beki wetu tegemeo alikunja jezi yake, akaiweka mezani, akaondoka.

Mimi naona timu iwe ya wanachama, kama Yanga ilivyoanza mwaka 1935, na kaka awe mlezi. Waliopitia haya, kipengele cha mlezi mlikiandikaje asijisikie ametupwa? Na jezi alizonunua, tuziandike kuwa mali ya klabu au tumrudishie hela zake kidogokidogo?