Wachunguzi wa asili ya maneno wanajuaje neno limetoka wapi?

Mpwa_wa_Kilwa:
Wakuu habari za jioni. Kwenye grupu la familia mjomba kaandika "gereza" ni neno la Kireno na mwanzoni lilikuwa na maana ya kanisa, watu wakambishia kweli kweli, wengine wakasema aache uongo Kiswahili chote ni Kiarabu. Sasa mi nauliza, hawa wanaochunguza asili ya maneno wanajuaje? Maana kufanana tu sio ushahidi.

Kozi wa Mvita:
Mjomba yuko sahihi. Kanisa kwa Kireno ni igreja. Hawa watu wanaanza na sauti, sio maana. Sisi g na r zikibanana tunachomeka irabu katikati, gre inakuwa gere, na ile j yao hatuna kwetu kwa hiyo ikaangukia z. Alafu wanaangalia kama na mengine yamepita njia hiyo hiyo, mfano mesa imekuwa meza, lenço imekuwa leso.

Dada Salma:
Sauti nimeelewa, ila kanisa na jela wapi na wapi jamani?

Kozi wa Mvita:
Hapo ndo patamu dada. Kilichounganisha ni ngome. Wareno walijenga Fort Jesus, ngome ya Mombasa, kuanzia 1593 na mle ndani kulikuwa na kanisa. Ukienda Zanzibar, Ngome Kongwe pale Forodhani Waomani waliijenga palepale lilipokuwa kanisa la Wareno, na karne ya 19 watu wakafungwa humo humo. Kilwa Kisiwani ile ngome ya ufukweni inaitwa Gereza mpaka leo, we si ndo wa huko? Fort Jesus nayo Waingereza wakaifanya jela 1895 mpaka 1958. Kwa hiyo kanisa, ngome, jela, jengo ni lile lile, kazi ndo imebadilika.

Mzee wa Kamusi:
Naongezea, historia ya kitu chenyewe inasaidia sana. Hela imetokana na heller, sarafu ya Wajerumani iliyoanza huku kwetu 1904, kwa hiyo mtu akikwambia hela ni neno la enzi za Wareno muulize walikuwa wanalipana nini. Na msidanganywe na ngeli, kitabu-vitabu inaonekana ya kibantu kabisa kumbe ki- ilikuja na neno lenyewe, kitab ya Kiarabu, vilevile kipilefti-vipilefti, keep left ya Kiingereza.

Ila hili la Kiswahili chote Kiarabu linaniuma kwa kweli, tunalirudia kila siku bila kuangalia. Chukua mtu tu: Wakikuyu mundu, Wazulu umuntu, Wanyarwanda umuntu. Mjerumani Wilhelm Bleek alilinganisha maneno ya namna hii na kitabu chake cha 1862 ndo kikaeneza jina la Bantu kwa lugha hizi. Sarufi yetu na maneno kama kula, maji, moto, mbili, tatu yapo kwenye lugha hizo za Kibantu, hayakuletwa na jahazi. Mwambie mjomba asifute ile post.